Valvu ya kwanza kwenye amplifaya ya gitaa: 12AX7, 5751, 12AY7, 12AT7 au 12AU7?

Amplifaya ikianza kukwaruza kabla hujafika sauti unayoitaka, au ikikuchoma masikio kila unapogusa uzi wa kwanza, ushauri wa haraka utakaopewa na wapiga gitaa wenzako ni huu: badilisha valvu za priampu. Ni ushauri mzuri. Valvu hizo ni zile chupa ndogo za kioo zilizopangwa nyuma ya amplifaya, na kubadilisha moja ni kazi ya dakika chache, bila kulehemu kitu. Hazihitaji kurekebishiwa biasi (ule mkondo wa kupumzikia unaopimwa na fundi) kama valvu kubwa za nguvu. Usipopenda ulichosikia, unairudisha ya zamani mahali pake.

Ugumu uko kwenye kuchagua. Kuna aina tano ambazo watu huzihamisha kwenye soketi moja: 12AX7, 5751, 12AY7, 12AT7 na 12AU7. Zote zina pini 9, waya ndani yake zimepangwa kwa namna moja, na kila moja ina watu wanaoiapia. Halafu juu ya aina kuna majina ya viwanda, na juu ya majina kuna mjadala wa valvu za zamani na za sasa.

Nimezibadilishabadilisha kwa miaka mingi, na ninachokiamini ni hiki: aina ya valvu na soketi unayoiweka vina uzito kuliko jina lililoandikwa kwenye kioo. Kinachobadilika kwa hakika ni mahali ambapo sauti inaacha kuwa safi na kuanza kukwaruza. Ukijua unataka mahali hapo pasogee upande gani, nusu ya uchaguzi umeshaumaliza.

## Vigezo vya kulinganisha

Kila valvu hapa chini nitaipima kwa mambo matano yaleyale.

La kwanza ni ukuzaji, yaani inaupandisha mara ngapi mtetemo mdogo unaotoka kwenye gitaa. La pili ni sauti safi: unaweza kuzungusha nobu ya sauti hadi wapi kabla ya mkwaruzo kuingia. La tatu ni rangi na hisia. Hapa naweka pamoja besi, sauti za kati na za juu, lakini pia jinsi noti inavyokujibu kidoleni ukipiga kwa nguvu au kwa upole. La nne ni kelele, nikimaanisha mvumo, sauti ya "shhh", na ile tabia ya valvu kugeuka maikrofoni, yaani kunasa mtikisiko na kuutoa kwenye spika. La tano ni kama valvu inakaa vizuri kwenye saketi iliyochorwa kwa ajili ya 12AX7, kwa sababu kuingia kwenye soketi ni jambo moja na kufanya kazi kwa raha ni jambo jingine.

Hilo la tano ndilo wengi huliruka, nalo ndilo linaloeleza mengi. Jedwali hili linaonyesha kwa nini. Safu ya mwisho ni makadirio ya ukuzaji halisi katika hatua ya kawaida ya amplifaya ya gitaa, yenye rezista ya kiloomu 100 kwenye anodi (bamba linalopokea elektroni) na kapasita kwenye kathodi (sehemu inayozitoa).

| Valvu | Kipimo cha ukuzaji | Mkondo wake wa kawaida kwa volti 250 | Ukuzaji halisi, takriban |
|---|---|---|---|
| 12AX7 | 100 | miliampea 1.2 | mara 60 |
| 5751 | 70 | miliampea 1 | mara 44 |
| 12AT7 | 60 | miliampea 10 | mara 40 |
| 12AY7 | 44 | miliampea 3 | mara 35 |
| 12AU7 | 17 | miliampea 10.5 | mara 14 |

Tazama safu ya mkondo. 12AX7 na 5751 zinakula karibu chakula kilekile. 12AY7 inapenda zaidi kidogo. 12AT7 na 12AU7 zilizaliwa kufanya kazi kwa mkondo mara nane au tisa ya huo, na saketi ya 12AX7 haiwezi kuwapa. Zitafanya kazi, lakini zikiwa na njaa, na njaa hiyo inasikika.

## Kwanza, ujue ni soketi ipi

Soketi ya kwanza, ambayo mafundi huiita V1, kwa kawaida ndiyo iliyo karibu na jeki ya gitaa. Chochote kinachotokea hapo kinakuzwa tena na kila hatua inayofuata, ndiyo maana mabadiliko ya V1 yanasikika kuliko ya soketi nyingine. Valvu ya mwisho kabla ya valvu za nguvu ni ile inayogawa sauti kuwa mawimbi mawili yanayopingana. Nayo ina athari, ila ni ya aina nyingine.

Usiamini mpangilio kwa macho tu. Chukua Deluxe Reverb ya Fender ya miaka ya 1960, ambayo nakala na jamaa zake ni nyingi hadi leo. Soketi ya kwanza inahudumia chaneli ya kawaida, ya pili inahudumia chaneli yenye vibrato, ya tatu ni 12AT7 inayosukuma springi za mwangwi, ya nne inaupokea mwangwi huo, ya tano ni ya vibrato yenyewe, na ya sita, 12AT7 nyingine, inagawa mawimbi. Niliwahi kukaa jioni nzima na rafiki yangu tukibadilisha valvu ya kwanza kwenye amplifaya ya mpangilio huo. Tukaweka 5751, tukaweka 12AY7, tukaangaliana. Hakuna kilichobadilika. Gitaa lilikuwa limechomekwa kwenye chaneli ya vibrato, na valvu tuliyokuwa tukiihangaikia haikuwa kwenye njia ya sauti kabisa. Tulipohamia soketi ya pili, noti ya kwanza tu ilitosha kutuonyesha tofauti.

Jambo jingine: kila chupa ya aina hizi ina triodi mbili ndani, yaani vikuzaji viwili vinavyojitegemea. Katika amplifaya nyingine nusu zote mbili za V1 ni hatua mbili za sauti moja, kwa hiyo ukipunguza ukuzaji unaupunguza mara mbili. Katika nyingine, kama Deluxe ya miaka ya 1950 inayojulikana kwa namba 5E3, kila nusu ina chaneli yake, na unapunguza mara moja tu. Valvu ileile inaweza kuleta badiliko dogo kwenye amplifaya moja na kubwa kwenye nyingine. Mchoro wa saketi ukiwa mkononi hutabahatisha.

Kuhusu usalama: zima, chomoa waya wa umeme, subiri kioo kipoe. Ng'oa valvu kwa kuitikisa kidogo huku ukiivuta moja kwa moja, maana pini zake ni nyembamba na hupinda upesi. Huhitaji kufungua chesisi (lile boksi la bati lenye saketi), na usiifungue. Kapasita za ndani huweza kubaki na volti mia kadhaa hata amplifaya ikiwa imezimwa. Na usiingize kila chupa yenye pini 9. EL84 ni valvu ya nguvu yenye kitako hichohicho, EF86 ni pentodi, na ECC88 ina waya za hita (kile kinachoipasha valvu moto) zilizopangwa tofauti. Hizo tatu hazimo katika mazungumzo haya.

## 12AX7

Hii ndiyo valvu ambayo amplifaya nyingi za gitaa zilichorwa kwa ajili yake. Ulaya inaitwa ECC83, na jina hilo lina maana ukilivunja: E ni hita ya volti 6.3, C ni triodi, C mbili ni triodi mbili, na 8 ni kile kitako cha pini 9. Utaiona pia kwa namba 7025, ambayo ilitengenezwa kwa kuzingatia utulivu wa kelele.

Ukuzaji wake ndio mkubwa kuliko zote hapa. Kwa sababu hiyo sauti safi inakwisha mapema: nobu ikifika katikati, hasa kwa gitaa lenye pikapu kali, mkwaruzo umeshaanza kuota kwenye kingo za noti. Rangi yake imejaa sauti za kati na za juu, na hisia yake ni ya kubanwa kidogo. Ukipiga kwa nguvu, noti inajikunja kisha inachanua na kukaa hewani. Wapiga roki wanaitaka hiyo, na sio kwa bahati mbaya. Jim Marshall na wenzake wa London walipounda amplifaya ya JTM45 mwaka 1962, walifuata karibu kila kitu cha amplifaya ya Bassman 5F6-A ya Fender, lakini pale ambapo Fender aliweka 12AY7 wao waliweka ECC83. Spika na valvu za nguvu zilichangia pia, lakini soketi hiyo ya kwanza ni sehemu ya sababu ya amplifaya mbili zenye mchoro mmoja kuwa na tabia mbili.

Kelele ndiyo udhaifu wake, na sababu iko wazi: inakuza kila kitu, pamoja na kasoro zake yenyewe. Kwenye saketi haina tatizo lolote, kwa kuwa saketi ni yake.

Inamfaa anayetaka mkwaruzo utoke ndani ya amplifaya, anayetumia gitaa lenye pikapu za koili moja zenye sauti ndogo, au ambaye hataki kubahatisha. Inawezekana pia kwamba 12AX7 uliyonayo imechoka tu. Kabla ya kuhama aina, weka 12AX7 nzima na usikilize. Mara nyingi kile ulichodhani ni tabia ya amplifaya ni valvu iliyozeeka.

## 5751

Ilitengenezwa kwa matumizi ya viwandani na ya kijeshi, mahali penye mtikisiko, na inatakiwa kuwa imara kuliko 12AX7 ya kawaida. Hita yake inakula miliampea 350 badala ya 300. Transfoma ya amplifaya yoyote iliyo timamu haitaona tofauti ya valvu moja.

Ukuzaji unashuka kwa takriban desibeli 3. Kwa maneno ya mkononi, kile kilichokuwa kikikwaruza nobu ikiwa kwenye 4 sasa kinaanza kukwaruza karibu na 5. Sauti safi inaongezeka kidogo, siyo sana. Rangi inabaki ya familia ileile, na hapo ndipo ninapoipenda: huhisi kama umehamia amplifaya nyingine, ila sauti za juu zinakuwa hazina ukali ule wa kusaga meno, na noti za chini zinaachana vizuri zaidi ukipiga nyuzi zote sita pamoja. Kelele kwa kawaida ni ndogo. Kwa saketi ya 12AX7 inakaa kama nyumbani. Mkondo wake ni karibu sawa.

Inamfaa anayependa amplifaya yake lakini anaiona ina haraka. Pia anayetumia pedali ya mkwaruzo mbele ya amplifaya na kukuta sauti imeshonana hadi noti hazijulikani. Haimfai anayetafuta badiliko la kumshangaza. Wengine huiweka, hupiga dakika mbili, wakasema ni ileile. Kwa amplifaya yenye ukuzaji mwingi sana, yenye hatua nne au tano za kukwaruza, 5751 moja ni tone ndani ya ndoo.

## 12AY7

Nitakaa hapa zaidi, kwa sababu hii ndiyo inayoachwa bila kujaribiwa na watu ambao ingewafaa.

Iliundwa kwa kazi ya sauti ndogo, mahali ambapo kelele na mtikisiko ni maadui, na pia hujulikana kwa namba 6072. Fender aliitumia kwenye soketi ya kwanza ya amplifaya zake za kitambaa cha twidi miaka ya 1950: Deluxe 5E3 ilikuwa nayo, Bassman 5F6-A ilikuwa nayo. Kwa hiyo mtu mwenye nakala ya 5E3 aliyoinunua ikiwa na 12AX7 pale mbele, anapoweka 12AY7 anairudisha amplifaya kwenye mchoro wake wa asili.

Ukuzaji unashuka kwa kama desibeli 5 kwa kila hatua. Sauti safi inaongezeka kwa namna ambayo huwezi kuikosa. Lakini namba hizo hazielezi kilichonivutia mimi. Nilikuwa na amplifaya ndogo ya nguvu kidogo, na nobu yake ya sauti ilikuwa na maisha mafupi: kwenye 2 ilikuwa kimya, kwenye 3 ilikuwa tayari inakwaruza, na kutoka 4 hadi 10 hakukuwa na kitu kipya isipokuwa besi kuyeyuka. Nilipoweka 12AY7, nobu ilirudishiwa urefu wake. Nilipata sauti safi kwenye 4, sauti inayokwaruza nikipiga kwa nguvu tu kwenye 6, na kwenye 8 mkwaruzo mnene ambao sasa ulitoka zaidi kwenye valvu za nguvu. Kazi yote ya kuchagua kati ya safi na kukwaruza ilihamia kwenye vidole na kwenye nobu ya gitaa lenyewe. Kabla ya hapo nilidhani amplifaya ile haina uwezo huo.

Rangi yake ni ya wazi, besi imekazwa, sauti za kati zimetulia. Hisia ni ya haraka, noti inatoka bila kubanwa sana. Asiyeipenda huiita kavu, nami namwelewa. Ukizoea kusaidiwa na mbano wa 12AX7, hapa kila kosa la kidole linasikika. Kelele ni ndogo. Kwenye saketi ya 12AX7 haipati mkondo wake wote wa miliampea 3, lakini inavumilia vizuri, na inasikika yenye afya.

Inamfaa mwenye amplifaya ndogo inayokwaruza mapema, anayepiga buluzi, kantri au jazi, na anayeongoza sauti kwa vidole. Inamfaa pia mwenye gitaa la pikapu za koili mbili zenye nguvu. Haimfai anayehitaji mkwaruzo mzito kwa sauti ya chini chumbani, kwa sababu atalazimika kupandisha nobu hadi majirani wagonge mlango.

## 12AT7

Kwa Ulaya ni ECC81. Ilikuja kwa ajili ya masafa ya juu ya redio. Kwenye karatasi inaonekana kama hatua ya kati, ukuzaji 60, na watu wengi huinunua wakidhani ni ndugu wa 5751. Sivyo.

Ukuzaji kwenye V1 unashuka kwa desibeli 3 hadi 4. Sauti safi inaongezeka kiasi. Rangi na hisia ndiyo shida: ikiwa na njaa ya mkondo, sauti inakuwa ngumu na nyembamba, ya juu ina ncha, na mkwaruzo ukiingia unaingia ghafla, kama mlango uliofungwa kwa kishindo. Kelele inategemea chupa yenyewe. Kuna amplifaya zenye giza, zenye besi nyingi inayomeza noti, ambazo ncha hiyo inazisaidia, kwa hiyo siifuti. Ila kama jaribio la kwanza la V1 sikushauri uanze nayo.

Mahali pake ni kule mwisho. Fender aliiweka kwenye kugawa mawimbi na kusukuma springi za mwangwi kwa sababu inaweza kutoa mkondo. Ukiitia kwenye soketi ya kugawa mawimbi ya amplifaya iliyokuwa na 12AX7 hapo, valvu za nguvu zinasukumwa kwa upole zaidi na sauti inabaki imara unapopandisha nobu. Anayetaka kuipa amplifaya yake nafasi zaidi bila kugusa tabia ya mbele, hapo ndipo pa kuijaribu. Kinyume chake pia kinawezekana: mwenye Fender inayotumia 12AT7 kwenye nafasi hiyo akiweka 12AX7, amplifaya inakuwa na moto zaidi mwishoni. Soketi ya kusukuma springi iache na 12AT7 yake.

## 12AU7

Kwa Ulaya ni ECC82. Ukuzaji unaanguka kwa kama desibeli 12, sauti safi ni tele, mkwaruzo wa priampu karibu hauupati. Kwa amplifaya nyingi za gitaa rangi inakuwa bapa na hisia inakosa uhai, kwa kuwa nayo inataka mkondo ambao haupo. Kelele ni ndogo kwa sababu kila kitu ni kidogo. Inamfaa anayepitisha gitaa la akustika lenye pikapu, kinanda au kinubi cha mdomo (harmonika) kwenye amplifaya ya gitaa, na anayetumia amplifaya kama jukwaa safi la pedali zake zote. Wapiga kinubi cha mdomo hasa huishukuru, maana maikrofoni zao huanza kupiga mluzi mapema mno zikikutana na 12AX7.

## Za zamani au za sasa?

Baada ya kuchagua aina ndipo swali hili lina maana. Kwa ukuzaji na sauti safi, valvu nzima ya zamani na nzima ya sasa za aina moja zinakaribiana sana. Kwa rangi kuna tofauti, nami naisikia, lakini ni ndogo kuliko tofauti ya kutoka 12AX7 kwenda 12AY7.

Kelele na uimara ndipo za zamani zilipojijengea heshima. Zilizotoka kiwanda cha Mullard mjini Blackburn, Uingereza, zile za Telefunken za Ujerumani zenye alama ya almasi iliyochongwa kwenye kioo chini katikati ya pini, na za RCA za Marekani, ziliundwa wakati valvu zilikuwa moyo wa redio na vyombo vya kupimia. Tatizo ni kwamba chupa iliyotumika miaka 40 huuzwa kama haijawahi kuguswa, na wino wa jina hufutika na kuandikwa upya. Inamfaa mwenye muuzaji anayepima na kuonyesha vipimo.

Za sasa hutoka zaidi Slovakia, Urusi na China. Ujue pia kwamba jina la zamani si kiwanda cha zamani: majina kama Mullard na Tung-Sol leo yanaandikwa kwenye valvu zinazotengenezwa Saratov, Urusi. Nyingi ni nzuri. Ndani ya kundi hili angalia umbo la anodi, yale mabati ya kijivu utakayoyaona ukiinua chupa kwenye mwanga. Zenye mabati marefu hupendwa kwa unono wa sauti, lakini hutikisika kirahisi. Ni bora kwa amplifaya ambayo spika yake iko kwenye boksi jingine. Kama spika na valvu zinakaa boksi moja, mabati mafupi yatakupa usumbufu mdogo kuliko marefu.

Tahadhari moja kwa wenye Bassman, Marshall na jamaa zao: soketi inayotangulia nobu za besi na sauti za juu huwa na triodi ambayo kathodi yake iko kwenye volti nyingi. Baadhi ya valvu za sasa, hasa zenye uzi wa hita uliosokotwa, hazidumu hapo. Muulize muuzaji kuhusu nafasi hiyo kabla hujaweka.

## Namna ya kusikiliza bila kudanganywa

Sikio hupenda kinachosikika kwa nguvu. Ukitoa 12AY7 ukaweka 12AX7 bila kugusa nobu, 12AX7 itashinda kila mara kwa sababu tu imepaa. Kwa hiyo, kila unapobadilisha, rekebisha nobu hadi sauti ilingane, kwa masikio au kwa programu ya simu ya kupima desibeli, kisha ndipo uhukumu. Badilisha soketi moja kwa wakati mmoja. Rekodi kipande kilekile kila mara. Nusu saa baadaye kumbukumbu ya masikio haiaminiki tena.

Valvu ikishapata moto, chukua penseli ya mbao na uigonge kichwani kwa upole, upande wa kifutio. Sauti ndogo ya "tu" kwenye spika ni ya kawaida. Ikilia "ting" na kuendelea kulia kama kengele, au ikianza kupiga mluzi yenyewe nobu ikiwa juu, hiyo imegeuka maikrofoni. Usiitupe bado, ihamishie soketi ya mbali na jeki, ambako ukuzaji unaofuata ni mdogo, huenda ikatulia na kufanya kazi miaka mingi.

## Kwa hali yako

Kama amplifaya ni ndogo na nobu ya sauti inaisha kabla hujaanza, jaribu 12AY7 kwenye V1. Kama unaipenda ilivyo ila ukali wa juu na haraka ya kukwaruza vinakuchosha, 5751. Kama unapiga kwa mkwaruzo wa amplifaya yenyewe na unaona umepungua siku hizi, 12AX7 mpya, yenye mabati mafupi ikiwa ni boksi moja na spika.

Kama sauti inatapakaa tu pale unapopandisha sana ukumbini, huku chini ni nzuri, acha V1 ilivyo na ujaribu 12AT7 kwenye kugawa mawimbi. Kama unapitisha akustika au kinubi cha mdomo na unapambana na mluzi, 12AU7 kwenye V1.

Kama una fedha ya chupa moja tu na bado hujui, nunua 5751. Ndiyo ambayo mkosaji hupoteza kidogo, kwa kuwa hata isipobaki V1 itakufaa kama akiba kwenye soketi nyingine nyingi za 12AX7. Na kama malalamiko yako ni besi kukosa mwili au sauti kunasa kwenye boksi, umeshajaribu aina mbili na bado hujaridhika, angalia spika kabla ya kununua chupa ya tatu.